Ridhaa ya mgonjwa na kesi za utepetevu: maswali ambayo wahudumu wa afya huuliza mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa manesi, maafisa wa kliniki, madaktari na watu wa maabara wa Kisumu, Vihiga, Kakamega, Bungoma na Nakuru. Mengi huulizwa pembeni, semina ikiisha, muulizaji akiwa tayari ameambiwa aandike taarifa. Majibu yanahusu sheria ya Kenya kwa jumla. Kama barua ya wakili iko mkononi mwako sasa hivi, usiijibu kabla hujaonana na wakili wako.

Mgonjwa akifa mikononi mwangu, huo tayari ni utepetevu?

La. Watu hufa hata wakiwa wametibiwa vizuri, na mahakama zinalijua hilo. Anayekushtaki sharti athibitishe mambo manne: kwamba ulikuwa na wajibu kwake, kwamba ulikiuka kiwango cha kazi yako, kwamba alipata madhara, na kwamba madhara hayo yalitokana na ukiukaji huo. Jambo la kwanza huwa rahisi kwake, maana mgonjwa akishapokelewa tu wajibu upo. Kesi nyingi hukwama kwenye la nne. Chukua mtoto aliyefikishwa na malaria kali, damu imekwisha mwilini, akafariki robo saa baada ya kuingia. Hata kama nesi alichelewa kumpima joto, mahakama itauliza kama dakika zile zingebadilisha lolote.

Kiwango chenyewe kilitoka kwenye kesi ya Bolam ya Uingereza, ya mwaka 1957, na majaji wetu bado huirejelea: je, mhudumu mwenye ujuzi wa kawaida katika kazi hiyohiyo angefanya ulivyofanya? Afisa wa kliniki wa zahanati kule Nyakach hapimwi kwa kipimo cha bingwa wa upasuaji wa Jaramogi, hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu. Ila anatarajiwa kujua mahali ujuzi wake unapoishia, na kutoa rufaa mapema. Kumng'ang'ania mgonjwa aliyekuzidi ni utepetevu wenye sura ya kujitolea, na ndio ninaokutana nao zaidi ya dozi zilizokosewa.

Yapo pia mambo yanayojieleza yenyewe. Gozi (kitambaa cha kufyonza damu) ikikutwa tumboni miezi minne baada ya upasuaji, si mgonjwa tena anayehangaika kueleza ilifikaje humo. Ninyi mliokuwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, ndio mtakaoulizwa.

Kama vifaa havikuwepo, kwa nini nilaumiwe mimi?

Inategemea uliandika nini na ulifanya nini na kile kidogo kilichokuwepo.

Agosti 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye hospitali ya umma ya Bungoma, akapigwa makofi na kutukanwa na manesi, na mtu akarekodi video. Kesi iliendeshwa kama ombi la kikatiba, na Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Serikali haikunusurika kwa kusema hospitali imejaa. Lakini muhudumu anayeisoma hukumu ile aisome kwa jicho lingine. Uhaba wa vitanda unaeleza kwa nini mtu yuko sakafuni. Makofi na matusi hauyaelezi.

Kwa hiyo oksijeni ikiisha, iandike: saa ngapi, nani aliarifiwa, alijibu nini, ulimpigia nani atafute ambulensi. Malalamiko ya chumba cha chai hayamlindi mtu.

Mgonjwa ameweka sahihi kwenye fomu. Tumemaliza?

Hapana, na hili ndilo swali ambalo ningependa kila kituo kilijadili asubuhi moja nzima.

Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za uchunguzi na matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake, gharama na matokeo ya kila njia, na aambiwe kwamba ana haki ya kukataa. Kifungu cha 9 kinakataza kutoa huduma bila ridhaa ya aliyeelezwa hayo, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Fomu ni ushahidi kwamba mazungumzo hayo yalifanyika. Kama hayakufanyika, fomu ni karatasi tu, na wakili wa upande wa pili ataipasua kwa maswali matatu: Ulielezwa na nani? Alikwambia nini? Ulisaini ukiwa wapi?

Jibu la swali la tatu ndilo huwaumiza watu. Tazama fomu za kwenu. Nyingi zina mstari wa "aina ya upasuaji" ambao unajazwa baadaye, kwa kalamu ya rangi nyingine, na mwandiko usio wa aliyeshuhudia. Shahidi ni sista aliyekuwa anatoka zamu. Saa haikuandikwa, au iliyoandikwa ni baada ya dawa ya usingizi kuanza. Fomu ya namna hiyo ni heri isingekuwepo, kwa sababu inaonyesha kituo kilijua ridhaa inahitajika na kikaamua kuigiza.

Kinachosaidia ni maelezo mafupi kwenye faili. Kwa kawaida tunayaandika kwa Kiingereza na hakuna ubaya, lakini maudhui yawe kama haya: "Saa 8.40 usiku. Mama ameelezwa kwa Dholuo kwamba mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka na kwamba anahitaji kuzalishwa kwa upasuaji. Ameelezwa hatari za kuvuja damu, maambukizi, na uwezekano mdogo wa kutolewa kizazi. Ameuliza kama ataweza kuzaa kawaida siku nyingine, amejibiwa. Amekubali." Jina, cheo, sahihi. Ni mistari mitano, na kile kipande cha "ameuliza" kina uzito kuliko fomu nzima ya kurasa tatu, maana hakuna mtu hubuni swali la mgonjwa.

Kuhusu hatari zipi zitajwe: zile zinazotokea mara nyingi, na zile adimu ambazo zikitokea zinabadilisha maisha. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Montgomery ya 2015, ilisema kipimo ni kile ambacho mgonjwa wa namna hiyo angetaka kujua, si kile daktari anaona kinatosha. Uamuzi huo haulazimishi mahakama zetu, ila sheria yetu yenyewe, kwa kuorodhesha hatari, gharama na haki ya kukataa, imeshaelekea huko.

Nani anapaswa kumweleza mgonjwa?

Anayefanya kazi yenyewe, au mtu anayeijua vya kutosha kujibu maswali. Kumtuma mwanafunzi "akaniletee sahihi ya yule wa kitanda cha nane" ni kujitafutia balaa. Na jina lihakikishwe kwa kumwuliza mgonjwa, si kwa kusoma kibandiko. Mwaka 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mgonjwa alifunguliwa fuvu kumbe upasuaji ulikuwa wa mwingine.

Mgonjwa haelewi Kiswahili wala Kiingereza. Mhudumu wa usafi anaweza kutafsiri?

Sheria inataka maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa, pale inapowezekana, na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Huku kwetu mara nyingi inawezekana: kati ya watumishi wa zamu hukosi anayejua Dholuo, Lubukusu, Kilogooli, Kipsigis au Gikuyu. Nakuru ndiko kazi huwa ngumu, kwa sababu wodi moja inaweza kuwa na lugha sita.

Mhudumu wa usafi akitumika kwa dharura, andika jina lake na lugha, na umkumbushe kwamba anayoyasikia hayatoki humo. Kwa jambo lisilo la dharura tafuta mhudumu wa afya. Usimtumie mtoto wa mgonjwa. Binti wa miaka 12 hawezi kumtafsiria mamake habari za uvimbe wa kizazi, na hata akiweza, atapunguza maneno.

Asiyejua kuandika huweka kidole gumba. Fomu isomwe kwa sauti mbele ya shahidi asiyekuwa kwenye timu ya upasuaji, na shahidi aandike kwamba ilisomwa na kwa lugha gani.

Mama mjamzito anasema tumsubiri mumewe akubali. Au baba mkwe.

Mtu mzima mwenye akili timamu hujiamulia mwenyewe. Mume hana sahihi ya kisheria juu ya mwili wa mkewe, wala mzee wa boma. Kituo kinachokataa kumpeleka mama thieta kwa sababu "mwenye mke hajafika" kimevunja sheria, na mtoto akizaliwa amechoka kwa kukosa hewa, hiyo ndiyo sentensi itakayosomwa mahakamani.

Lakini ni yeye mwenyewe akitaka kuongea na mumewe? Hiyo ni haki yake pia. Mpe simu, wewe mwenyewe umsalimie shemeji au baba kwa heshima, mweleze kwa kifupi kama mama ameruhusu, na mweleze muda uliobaki. Nimeona wakunga hodari wa Kisumu wakilimaliza jambo hilo kwa dakika nne. Kisha mrudie mama mpate jibu lake yeye. Kinachoandikwa kwenye faili ni uamuzi wa mama, si wa aliye kwenye simu.

Kufunga mirija kunahitaji uangalifu wa pekee. Usimwombe mama ridhaa hiyo akiwa katikati ya uchungu, wala usiifunge pamoja na msaada wa chakula, maziwa au bili. Mahakama Kuu imeshawapa fidia wanawake wanaoishi na VVU waliofungwa mirija bila ridhaa ya kweli.

Mgonjwa ameletwa na bodaboda hajitambui, hana ndugu. Nasubiri nani?

Husubiri mtu. Katiba, ibara ya 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya inafanya kuwa kosa kituo kukataa kutoa huduma hiyo: faini hadi shilingi milioni tatu. Huduma ya dharura ni pamoja na kumtuliza hali na kumpangia rufaa. Kumwambia bodaboda "mpeleke Russia" (jina la mtaani la hospitali ya Jaramogi) bila kumgusa mgonjwa si rufaa.

Ridhaa haidaiwi pale ambapo kuchelewa kungeleta kifo au madhara yasiyorekebishika na mgonjwa hakuwa amekataa waziwazi. Fanya kile dharura inachodai, basi. Ukiwa ndani ya tumbo ukakuta jambo jingine linaloweza kungoja, lingoje aamke.

Mtoto ameletwa na nyanya yake, wazazi wako Nairobi.

Hali ya kila siku huku Magharibi. Chini ya miaka 18 ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Kwa matibabu ya kawaida ya mtoto anayeishi na nyanya, sijaona mahakama ikimsumbua mtu. Kwa upasuaji uliopangwa, mpigie mzazi, watumishi wawili wasikie, waandike namba, saa na alichosema, kisha mtafute njia ya kupata sahihi yake. Kwa dharura, tibu.

Na mtoto mwenyewe aulizwe, hasa aliye kwenye balehe. Sahihi si yake, lakini mwili ni wake.

Mzazi akikataa matibabu yatakayomwokoa mtoto, kukataa kwake si neno la mwisho. Katiba inaweka maslahi ya mtoto mbele, ibara ya 53. Mwite afisa wa watoto na uongozi wa hospitali, na ikibidi Mahakama ya Watoto itoe amri. Kama hakuna muda wa mahakama, rudi kwenye jibu la dharura.

Mgonjwa wangu ni Shahidi wa Yehova na amekataa damu. Atakufa.

Kama ni mtu mzima, yuko timamu na ameelezwa, kukataa kwake kunakufunga mikono hata akipoteza fahamu baadaye. Najua ni vigumu kulimeza. Kile kibali cha dharura kinaishia pale mgonjwa aliposema hapana waziwazi.

Wajibu wako haujaisha, umebadilika. Ongea naye akiwa peke yake, ndugu na wazee wa kutaniko wakiwa nje, uhakikishe ni sauti yake. Uliza anakubali nini: maji ya mshipa, madini ya chuma, damu yake mwenyewe kurudishwa? Wengine hukubali baadhi na kukataa nyingine. Sheria inakuruhusu kumtaka athibitishe kukataa kwake kirasmi, kwa hiyo aandike. Kisha endelea kumhudumia kwa bidii ileile. Mgonjwa aliyekataa damu halafu akasahauliwa kwenye kona ya wodi ni kesi ya utepetevu kama nyingine yoyote.

Hivyohivyo kwa anayetaka kwenda nyumbani kinyume cha ushauri. Fomu ya kuondoka isiwe adhabu. Mpe dawa, mweleze dalili za hatari, mwambie mlango uko wazi akirudi.

Naweza kumpima VVU kimyakimya kabla ya upasuaji, kwa usalama wangu?

La. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI inakataza kupima bila ridhaa, na kufichua majibu ni kosa pia. Usalama wako thieta unatokana na kumchukulia kila mgonjwa kana kwamba ana maambukizi. Ukichomwa sindano kuna dawa za kinga, zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Kesi za namna hii zina baraza lake maalumu la kusikiliza, na wanaofika huko hawafiki kwa upole.

Nimepiga picha ya kidonda niombe ushauri kwenye kundi la WhatsApp la kazini.

Huenda nia ni njema, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayahesabu maelezo ya afya kuwa nyeti. Omba ruhusa ya mgonjwa kabla, andika kwamba alikubali, toa uso, jina, namba ya faili, chale na chochote kinachomtambulisha. Tuma kwa mshauri mmoja, si kundi la watu 200 ambao nusu yao wamehamia kaunti nyingine. Ifute kwenye simu yako baadaye. Faini ya Kamishna wa Data inaweza kufika shilingi milioni tano.

Video za kuchekesha za wodini sizijadili. Acheni tu.

Hajalipa bili. Tunaweza kumzuia?

Mwaka 2015, katika kesi ya akina mama waliozuiwa Pumwani, hospitali ya uzazi ya Nairobi, Mahakama Kuu ilisema kumfungia mgonjwa kwa deni ni kinyume cha Katiba. Deni lidaiwe kama madeni mengine. Na ukiwa nesi uliyeagizwa na mwenye hospitali binafsi kusimama getini, agizo lake halikukingi.

Nimekosea. Dozi imezidi mara kumi. Nifanye nini?

Kwanza mgonjwa: okoa, ita mkubwa wako. Kisha andika kilichotokea, kwa mfuatano wa saa, bila kumlaumu mtu na bila kukisia sababu. Mgonjwa au familia iambiwe mapema, na anayewaambia awe mtu mwenye cheo cha kujibu. Waambieni ukweli uliopo: dawa hii ilizidi, tunafanya hivi, tutawaeleza zaidi kesho saa fulani. Kisha kesho hiyo mwende. Familia nyingi nilizokutana nazo upande wa pili wa meza zilimtafuta wakili baada ya wiki mbili za kuambiwa "daktari yuko kwenye mkutano."

Usiguse maandishi ya jana. Ukihitaji kusahihisha, piga mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, andika sahihi, tarehe na saa. Karatasi iliyochomolewa au kurasa mbili za wino uleule zinazodai kuwa za siku tatu tofauti zitakuharibia kesi ambayo ungeishinda. Mgonjwa ana haki ya kupata nakala ya rekodi zake, na pengine anayo tayari, kwenye simu ya shemeji.

Kama una bima ya dhima ya kitaaluma, waarifu bima mapema. Mikataba mingi inakuwa na sharti hilo, na kimya chako kinaweza kuwapa sababu ya kukataa kulipa.

Atashtakiwa nani, mimi au hospitali?

Mara nyingi wote wawili, na mwajiri hubeba fidia ya kosa ulilofanya ukiwa kazini. Ila fidia ni mlango mmoja tu. Mlalamishi anaweza kwenda kwenye baraza lako la taaluma: Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, la Maafisa wa Kliniki, la Wauguzi, au Bodi ya Dawa na Sumu. Huko hakuna wa kukubebea, kwa sababu kinachojadiliwa ni leseni yako, na adhabu huanzia onyo hadi kufutwa kwenye rejista. Mlango wa tatu ni polisi, kwa uzembe uliopita kiasi hadi kuhatarisha maisha. Huo ni adimu, lakini wanaofanya kazi bila leseni au nje ya mipaka ya leseni yao huupata haraka.

Milango hii haifungani. Baraza likikuondolea lawama, mahakama bado inaweza kukusikiliza.

Wana muda gani wa kunishtaki?

Kwa kesi ya kawaida ya madai, miaka mitatu. Dhidi ya serikali sheria ina muda mfupi zaidi, miezi 12. Mahakama inaweza kuongeza muda kama mtu hakujua ukweli muhimu, kwa mfano gozi iliyogunduliwa miaka mitano baadaye, na ombi la kikatiba kama lile la Bungoma halina kikomo kilichoandikwa. Usitupe faili kwa kuhesabu miaka mitatu kwenye vidole.

Niko mafunzoni tu. Nami nahusika?

Ndiyo. Mgonjwa ana haki ya huduma salama hata kutoka kwa anayejifunza, na ana haki ya kujua kwamba unajifunza. Jitambulishe hivyo, na ukiambiwa ufanye usichokijua, mwite msimamizi na uandike saa uliyomwita. Asipokuja, mwite aliye juu yake.